Chupa ya Mofini na Sahani ya Kombe

Nilikunywa mofini miezi kumi na moja. Naliandika jina lake zima hapa juu kabisa, kwa sababu mtaani kwetu lilitajwa kwa kunong'ona na nyumbani kwetu halikutajwa kabisa. Tulisema "ile chupa". Kama wewe unayesoma umeandikiwa dawa hiyo juzi na umeificha nyuma ya makopo ya chai, kaa kitako tuzungumze. Ya madaktari waulize madaktari. Mimi ni fundi cherehani, na nitakueleza niliyoyapitia.

Jina langu Zuhura, umri miaka arobaini na saba. Nashona mapazia ya mahoteli ya Kiwengwa, yale mazito ambayo wageni huyafunga mchana ili walale. Naishi mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na mama yangu, Bi Mize, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mume nilikuwa naye, tukaachana kwa salama, na hana nafasi katika maneno haya. Mwenye nafasi ni mdogo wangu Nassor. Nassor alitumia unga kwa miaka kumi. Wakati maradhi yangu yanaanza alikuwa ameshaacha kwa miaka mitatu, anaishi kwenye nyumba ya soba, pamoja na wenziwe walioacha, wakilindana. Kila Ijumaa alikuja kutusalimia. Mama alimpenda, alimpikia chakula anachokitaka, na kabla hajaingia alifunga kabati kwa ufunguo. Dirisha letu liko njiani, kwa hivyo Nassor alikuwa akiusikia ufunguo unavyozungushwa. Hakuwahi kusema kitu.

Nilichougua ni saratani ya shingo ya kizazi. Wakati wa vuli nilianza kuona damu isiyo ya wakati wake, nikajiambia ni umri. Yakaja maumivu ya kiuno yaliyoshuka mpaka kwenye goti la kushoto, nikajiambia ni cherehani. Nilijiambia mengi vuli ile, na yote yalikuwa uongo. Wewe usijiambie, nenda kapimwe.

Majibu niliyapata kaskazi imeshaingia. Nilipelekwa kliniki ya maumivu, chumba kidogo mwisho wa ukumbi, na nje yake benchi refu ambalo miguu yake haikuwa sawa. Mmoja akiinuka kuitwa, upande wa pili unazama, na sote tunashikilia viuno vyetu. Tulifika mahali tukawa tunaagana kabla ya kuinuka: "Jishikeni, nainuka." Tulicheka sana kwenye benchi lile, sisi tuliokuwa hatuwezi hata kukaa sawa.

Nesi wa pale ni Bi Raya, mwanamke mnene, mpole, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alinipa chupa ya maji ya manjano na bomba la plastiki la kupimia. "Unakunywa kwa saa," alinambia. "Usingoje yakushike ndio unywe. Ukingoja umeshachelewa." Siku ile ile nililala saa sita mfululizo, mara ya kwanza tangu vuli. Nilipoamka nililia, na nilikuwa nalia kwa furaha.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za fedheha. Pua iliniwasha, nikawa naikuna mbele za watu. Kichefuchefu kilinishika nikisikia harufu ya vitunguu. Usingizi ndio usiseme. Kwenye harusi ya jirani nilisinzia juu ya sinia la pilau, kidevu kikashuka taratibu mpaka karibu na wali. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami akasema, si kwa sauti ya chini, "Huyu nae kishaanza? Au ndio damu moja na ndugu yake?" Wanawake wakatazama pembeni. Mama yangu alikuwa kando yangu, alisikia kila neno. Alininyanyua, tukaondoka hata bibi harusi hatujamtazama.

Usingizi ule uliondoka wenyewe. Bi Raya alinieleza kwamba mwili umeuzoea. Uliizoea na ile pua, ukakizoea na kichefuchefu, nikarudi kwenye cherehani na kushona mapazia ya vyumba sita nikiwa na akili zangu timamu. Kuna jambo moja tu ambalo mwili haukulizoea mpaka siku ya mwisho, nalo ni choo. Nakutajia bila haya kwa sababu mimi hakuna aliyenitajia. Tumbo linafunga, linakaza, unakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Omba dawa ya kulainisha siku ile ile unayopewa chupa. Mimi nilikula mapapai ya Mwanakwerekwe mpaka muuzaji akaniuliza kama nafungua duka.

Masika nilipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, wiki tano, nikikaa kwa shangazi. Nitasema machache. Ngozi ya chini ya tumbo iligeuka rangi, ikawa nyeusi na kavu. Madira yangu yote yalinipwaya. Chumba cha kusubiri kilikuwa na wanawake watupu, kila mmoja kakaa kaegemea upande mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe kwa nini. Palikuwa na mkulima wa mwani kutoka pwani ya mashariki, vidole vyake vimechanika kwa chumvi na kamba. Siku moja nilipokuwa sina nguvu ya kuinama alinivua viatu, akanikata kucha za miguu, akanivisha tena, akarudi kukaa kwenye zamu yake. Jina lake sikuliuliza, na najuta mpaka leo.

Nilirudi Unguja kipupwe. Nilitegemea maumivu yatakuwa yamebaki upande wa pili wa maji. Hayakubaki. Daktari alisema mionzi hufanya kazi polepole na nisubiri, lakini kiuno hakikuwa na habari ya kusubiri. Tulikwenda kwa Bi Raya, mimi na mama, na hapo ndipo neno liliposemwa.

"Mwili umeizoea," Bi Raya alisema. "Ni kawaida. Tutapandisha kipimo kidogo."

Mimi nilisikia habari njema. Mama alisikia kingine. Miaka kumi na tatu nyuma, alipoanza kuuliza kwa nini Nassor hali, haogi, anauza vyombo vya ndani, watu wa mtaani walimjibu kwa neno hilo hilo. Kazoea. Ndilo neno tulilonalo, na tunalitumia kwa mwili na kwa mtu, kwa dawa na kwa unga, bila kutofautisha. Mama alitoka kliniki ile amenyamaza. Nilidhani amechoka.

Tangu mwanzo yeye ndiye aliyekuwa mshika chupa. Alifungua kabati, akapima, akasema bismillahi, akanipa. Alikuwa akinipa na kombe pia: mwalimu mmoja wa Mji Mkongwe alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, mama akaziosha kwa maji na marashi ya mawaridi, nami nikanywa. Nakunywa kombe tangu mtoto. Halijanidhuru na sina ugomvi nalo.

Ila baada ya siku ile nikaona kombe haliletwi tena. Nilipouliza, mama alisema, "Unalipata, mwanangu." Sikuuliza zaidi.

Maumivu yakarudi kwa kasi. Nilirudi kwa Bi Raya, akapandisha kipimo. Nafuu ikawa ya siku tatu, kisha yakarudi tena. Akapandisha tena, safari hii akikunja uso. "Mwili wako mwepesi kuzoea," aliniambia, na mimi nikaona haya, utadhani nimefanya kosa. Nikaona hata ule uchungu wa dawa umepungua mdomoni. Nikajiambia ulimi nao umezoea. Nilikuwa na neno moja la kuelezea kila kitu, na niliridhika nalo.

Kisha yakaja mafua. Macho yanatoka machozi, kamasi zinachuruzika, nasisimka mwili mzima vinyweleo vimesimama, na miayo, miayo isiyokwisha. Nikasema kipupwe hiki kina baridi mwaka huu. Tumbo lililofunga miezi sita likafunguka, likafunguka kupita kiasi, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilimshukuru Mungu. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka moto. Cherehani ilikaa wiki mbili imefunikwa.

Ijumaa moja, alasiri, Nassor alikuja. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nimejifunika blanketi, natetemeka. Alinitazama muda mrefu kabla ya kukaa.

"Dada, mafua haya ya lini?"

"Wiki ya pili."

"Na miayo je? Na tumbo?"

Nikamwambia. Akanishika mkono, akausugua, akatazama vinyweleo. Sura yake ilibadilika.

"Hii si homa," alisema. "Hii arosto."

Neno hilo nililijua. Kila mwenye ndugu anayetumia unga analijua. Ni yale mateso yanayompata mtu akiukosa, na nilimwona nayo Nassor huyu huyu akibingirika sakafuni kwetu. Nilimkasirikia. Nikamwambia asinifananishe, mimi nakunywa dawa ya hospitali, na nainywa kila baada ya saa nne, haijanikosa hata mara moja.

"Basi haiko ndani ya chupa," alisema. "Mama, hebu nione chupa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo umefungwa kwenye pembe ya kanga yake. Hakusogea. Nassor alisubiri, kisha akasema kwa upole, "Basi ishike weye. Mie nifungulie tu ninuse."

Mama alifungua kabati. Alileta chupa iliyokuwa imebaki kipimo kimoja, akaishika kwa mikono miwili. Nassor aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono yake mgongoni.

"Mofini hainuki mawaridi," alisema.

Mama alikaa chini pale pale aliposimama, na akasema yote. Tangu siku ya neno lile alikuwa akimwaga dawa kidogo na kujaza kombe. Mwanzo kidogo tu, kisha zaidi, kama mtu anavyomwachisha mtoto ziwa. Maji ya zafarani na maji ya dawa rangi moja. Bi Raya akipandisha, yeye anapunguza. "Nilisema Qur'ani itaingia dawa itatoka, na wewe hutohisi," alinambia. "Mmoja nshampoteza miaka kumi. Nikupoteze na wewe?"

Nilimkasirikia mama yangu. Sitapamba. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nikamwambia kwamba wiki mbili zile alizokuwa akinikanda mguu huku nalia, maumivu yale yalikuwa yake, kayapika yeye. Maneno yale nilimwomba radhi baadae. Hasira sikuiombea radhi.

"Nipe chupa mpya," nilisema. Ilikuwa ndani ya kabati lililobaki wazi, haijafunguliwa, mama kaichukua hospitali asubuhi ile, na kipimo kilichoandikwa juu yake kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Mwalimu wa kombe alikuwa kasafiri Pemba, kwa hivyo mama asingekuwa na cha kuchanganya. Ningeinywa ile vile ilivyotoka.

Nassor akasimama mbele ya kabati.

"Huinywi."

"Na wewe pia?"

"Nisikilize, dada. Wenzangu niliowazika mie, wengi hawakufa wakati wakivuta kila siku. Walifia siku waliyorudi. Mtu kaacha miezi miwili, mwili ushasahau, anapiga kile kipimo chake cha zamani alichokuwa akikiweza. Analala, haamki." Alionyesha chupa kwa kidevu, bila kuigusa. "Bi Raya kampimia Zuhura anayemjua yeye, ambaye mwili wake umepanda ngazi zote. Wewe hukupanda. Wewe umeshushwa, na hujijui uko ngazi ya ngapi. Ukinywa hiyo leo, kesho tunakuzika."

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, ya kifuani. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Kwa kunilinda nisizoee, alikuwa ameutengua mwili wangu kutoka kwenye dawa, na ile dozi halali ya hospitali ikageuka sumu.

Nilimpigia simu Bi Raya nikamweleza. Akasema nisiguse kitu, nije hivyo nilivyo, na chupa zote mbili nije nazo. Tulikwenda watu watatu, mama kaziweka chupa kwenye mkoba kifuani, Nassor kanishika kiuno. Nililazwa siku mbili. Walianza na kipimo kidogo, wakawa wananihesabia pumzi na kunipandisha polepole, mpaka mafua yale ya uongo yakakauka na mguu ukanyamaza.

Bi Raya hakumfokea mama. Alimuuliza tu, "Bi Mize, kwani hukuniuliza?"

"Ulisema kazoea," mama alisema. "Neno hilo mie nshalisikia. Najua linapoishia."

Bi Raya alianza kueleza, na alieleza vizuri, lakini aliyemfanya mama aelewe ni Nassor, aliyekuwa kaegemea ukuta. "Mama, nitazame mie. Mie nilipouzoea unga niliacha kazi, nikaacha kuoga, nikauza masufuria yako. Dada akinywa dawa yake anashona mapazia. Akinyimwa ndio haamki mkekani. Mwili wake umezoea, hata wangu ulizoea. Lakini mie nilikuwa nikiutafuta. Yeye maumivu yakisha, ataiacha."

Mama alimtazama, nadhani kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, kama mtu anayejua jambo.

Tangu siku ile sikujificha tena. Yule mama wa kwenye harusi alikuja kunitazama mgonjwa, na saa yangu ya dawa ikafika akiwa kwenye kochi letu. Zamani ningekwenda chumbani. Nilimwambia mama alete chupa sebuleni. Nikapimiwa, nikanywa, nikafuta mdomo, nikamwuliza mgeni kama ataongeza chai. Akasogeza kikombe. Na kama angeniita teja nilikuwa nimeshaandaa jibu: mimi si teja, lakini teja ni ndugu yangu, na ndiye aliyeniokoa.

Ufunguo mama aliendelea kuuzungusha kila Ijumaa, na tofauti ni kwamba sasa Nassor ndiye aliyekuwa akiita kutoka njiani, "Mama, nshafika, ushafunga?" Naye mama hujibu, "Naam, nshafunga, ingia." Walikuwa wakilifanya jambo lile lile kwa miaka, na safari hii wakilifanya pamoja.

Vuli ilipoingia mionzi ilikuwa imeshafanya kazi yake, na maumivu yakaanza kupungua wiki hadi wiki. Bi Raya akanishusha, kidogo kidogo, kwa kuandika na kwa kunieleza. Kila akishusha nilipata siku moja mbili za miayo na kusisimka, nikajua ni nini, nikaendelea kushona. Mwili uliozoea miezi kumi na moja ukazoea kuachwa. Nilikuwa nimeambiwa na wengi kwamba sitaweza. Niliweza.

Dawa iliyobaki hurudishwa hospitali. Tulikwenda kuirudisha mimi na mama, tukakaa kwenye benchi letu lile lile. Upande wa pili alikaa mwanamke wa shamba na binti yake, kijana, uso umekauka kwa maumivu. Chupa mpya ya manjano ilikuwa mapajani mwa yule mwanamke, kaifunika kwa mtandio. Alimsogelea mama yangu, akamwamkia, akamnong'oneza, lakini nilisikia.

"Shikamoo, bi mkubwa. Eti dawa hii wanasema mtu anaizoea?"

"Marahaba," mama alijibu, na hakunong'ona; benchi zima lilimgeukia. "Mwili unaizoea. Mpe yote, mwanangu, mpe kwa saa yake, na ukiwa na khofu kamuulize nesi. Usiimwage." Kisha akaufunua mtandio, chupa ikaonekana na kila mtu. "Na kombe mpe. Lakini mpe kwenye sahani yake."